Kabla ya VAR, tufunge nyavu kwanza

Jumapili ya 10 Agosti 2025 ilinikuta Lowarengak, kituo cha wavuvi kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, mbali kaskazini mwa Lodwar. Nilikwenda na wenzangu wawili wa Kilifi kuona wavuvi wa huko wanavyokausha samaki, lakini alasiri ile hakuna aliyekuwa na habari ya samaki. Tulijazana kwenye kibanda chenye runinga moja ya umeme wa jua, Harambee Stars wakicheza na Morocco uwanjani Kasarani katika mashindano ya CHAN.

Ryan Ogam alifunga dakika ya 42 na kibanda kikataka kung'oka. Karibu na mapumziko, Chrispine Erambo akacheza rafu, refa akatoa kadi ya manjano. Kisha VAR ikaingia, na manjano ikageuka nyekundu. Kijana mmoja akaruka: "Hiyo mashine imenunuliwa!" Mzee aliyeketi kando yangu akamuuliza taratibu, "Na kama aliyechezewa angekuwa wetu?" Kijana akanyamaza. Tulishinda 1-0 tukiwa wachezaji kumi, na kufikia swala ya magharibi kila mtu alikuwa ameshaisamehe VAR.

Kesho yake nikaenda kutazama mpira wa wenyewe. Vijana wa pale kituoni walicheza na vijana wa ufuo wa jirani, uwanja ni mchanga, goli ni miti miwili na mti wa juu. Wavu haukuwepo. Kipindi cha pili wageni walipiga shuti kali, mpira ukapita karibu na mti wa kushoto na kutokomea vichakani. Je, ulipita ndani au nje? Nusu ya uwanja ilisema bao, nusu ikasema hakuna kitu.

Hapo zikatoka simu. Kijana wa upande wa wageni alirekodi akiwa nyuma ya goli, na kwake ilikuwa bao wazi. Mwenzake wa upande wa wenyeji alirekodi akiwa pembeni, na kwake mpira ulipita nje. Kila mmoja alimsukumia refa kioo cha simu usoni. Mwamba ngoma huvuta kwake.

Msomaji wa mwambao anaweza kucheka, lakini pale watu hawakucheka. Baina ya fuo hizi mna malalamiko ya zamani ya nyavu kukatwa na mashua kupotea, na kaskazini zaidi, Todonyang, ugomvi wa wavuvi wa pande mbili za mpaka wa Ethiopia umeshagharimu maisha ya watu. Nilimwona mama mmoja akimshika mwanawe mkono na kumwondoa uwanjani kabla jambo halijawa kubwa.

Refa, ambaye ni mwalimu wa shule, hakutazama simu hata moja. Aliwaita manahodha wote wawili, akarudi mpaka pale alipokuwa amesimama, akawaonyesha. "Nilikuwa hapa. Nimeona umepita nje. Kama nimekosea, nimekosea mbele yenu nyote." Mpira ukaendelea. Manung'uniko yalikuwepo, ila hakuna jiwe lililorushwa.

Nimelifikiria jambo hilo tangu niliporudi Pwani, kwa sababu siku hizi kila mechi ikiharibika tunalia kwamba tunahitaji VAR. VAR iliingizwa kwenye sheria za mchezo mwaka 2018 na kutumika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huo huo. Mwanzoni ilipewa mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Hata katika hayo, inatakiwa kuingilia pale kosa lilipo wazi au tukio zito limempita refa. Uamuzi wa mwisho hubaki kwa refa. Kwa lugha yetu, VAR ni shahidi. Kadhi ni yule mwenye filimbi.

Na shahidi anaweza kukosekana. Mei 2019, katika fainali ya Klabu Bingwa Afrika kule Tunisia, bao la Wydad Casablanca dhidi ya Esperance lilikataliwa. Wachezaji wakadai VAR, kumbe mitambo haifanyi kazi. Wydad wakagoma kuendelea, na kombe likaishia kwa Esperance.

Shahidi anaweza pia kuwepo na watu wasiridhike. Aprili 2024 mjini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba wa juu wa Mamelodi Sundowns na kudunda chini. Wananchi waliapa mpira umevuka mstari. VAR ilikuwepo, bao halikutolewa, na Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Hadi leo, ukitaka kuvuruga baraza la kahawa pale Kariakoo, taja mpira ule.

Siipingi VAR. Kadi ya Erambo ilikuwa uchungu kwetu, lakini naamini ilikuwa haki. Kwa ligi za juu kuna hata njia nyepesi ambayo FIFA imeijaribu tangu 2024, ikiwemo kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 20 kule Colombia. Kila kocha hupewa nafasi mbili za kuomba tukio litazamwe, na refa mwenyewe hulitazama pembeni mwa uwanja, pasipo chumba cha waamuzi wa video. Wakuu wa soka nchini waiangalie.

Ila mechi nyingi za nchi hii huchezwa mahali kamera haitafika karibuni, kuanzia Kakuma hadi Kwale. Huko haki ya mchezo inategemea refa aliyefundishwa, anayelipwa posho yake kwa wakati, mwenye wasaidizi wawili wenye vibendera na ulinzi wa kumfikisha nyumbani salama. Refa mwenye njaa, anayeogopa kupigwa, hata ukimpa skrini kumi atatazama usalama wake kwanza. Kaunti zinazodhamini vikombe kila msimu wa siasa zianzie hapo.

Jambo moja liliniaibisha. Lowarengak imejaa nyavu, juu ya mashua, juu ya miti, juu ya mapaa, lakini goli halikuwa na hata moja. Tulipoaga Jumatano asubuhi, wavuvi wawili walikuwa wanafunga wavu mkuukuu nyuma ya ile miti mitatu, na yule mwalimu akiwaelekeza wapi pa kukaza. Shuti lijalo, angalau, halitahitaji simu.