Nguo ya Kuazima Inasitiri

Wiki mbili kabla ya siku yake ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo, mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia kwamba anafikiria kungojea kipindi cha pili. Nilidhani sura yake ya mwisho haijakamilika, au msimamizi wake ameirudisha kwa mara nyingine. Kumbe kazi ilikuwa imekwisha, imechapwa na kutiwa jalada. Kilichokosekana ni nguo. Alikuwa amepiga hesabu: sketi nyeusi, blauzi nyeupe, viatu, na juu ya hayo kitenge cha sare ambacho familia ilitaka kuvaa siku ya sherehe. Fedha hizo baba yake hakuwa nazo, na shangazi aliyeombwa mkopo alikuwa hajajibu.

Najua hakuwa peke yake. Ndiyo maana naandika. Maoni yangu ni haya: hakuna mwanafunzi anayepaswa kuahirisha masomo kwa ajili ya nguo, na sehemu kubwa ya dawa imo tayari ndani ya masanduku yetu. Dawa hiyo haihitaji franka hata moja.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwao, Katuba. Tulimwaga nguo zake zote kitandani tukazihesabu: 23. Kati ya hizo, alizokuwa akizivaa kwa zamu ni 6 tu. Zile 17 zilizobaki tulizigawa katika mafungu matatu. Nguo 5 zilikuwa nzima, ila zimesahauliwa chini ya sanduku. Nguo 8 zilikuwa na kasoro ndogo. Nguo 4 hazikumtosha tena.

Fungu la pili ndilo lililonishangaza. Blauzi nyeupe, ileile aliyotaka kununua, ilikuwa imelala mwaka mzima kwa sababu ya vifungo viwili vilivyopotea. Sketi nyeusi ilikuwa imefumuka upindo. Shati lilikuwa limeachia mshono kwapani. Hapo nilikumbuka methali tuliyoichambua mwaka wa kwanza: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ulikuwa vifungo viwili. Ukuta ulikuwa bei ya blauzi mpya.

Kazi yenyewe ilichukua saa chache. Vifungo vyote vya blauzi tulivibadilisha kwa vile vya gauni lililochakaa, ili vilingane. Ukosi ulikuwa na rangi ya lile vumbi jekundu ambalo kila mkaaji wa Lubumbashi analijua wakati wa kiangazi. Tuliiloweka blauzi katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na maji ya ndimu kutoka mti wa uani, kisha tukaianika juani. Sketi nyeusi tuliigeuza ndani nje, tukaifua na kuianika kivulini, kwa maana jua hula rangi nyeusi. Umeme haukuwapo, basi tukatumia pasi ya makaa, na kati ya pasi na sketi tukaweka kitambaa chenye unyevu ili isipate ule mng'ao wa nguo iliyounguzwa. Mnaona hakuna siri yoyote hapo. Kila mama wa mtaani anayajua haya.

Aliyetuongoza ni kambo wake, ambaye katika ujana wake alijifunza kushona. Alituangalia tukihangaika na uzi, akacheka: "Bana bangu, hii nguo ingali muzima. Ni mikono yenu njo inalala."

Wakati ule niligundua jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Tulipotaka kumweleza kasoro ya nguo, maneno yote yaliyotujia yalikuwa ya Kifaransa. Yeye alisema kifungo, tundu, pindo, kiraka. Ukosi na bitana tuliyapata baadaye katika kamusi. Sisi tunaoweza kunyambulisha kitenzi "shona" ubaoni hadi chaki iishe, hatukuwa na jina la sehemu ya shati tulilovaa. Na ile kauli ya kutendua, ambayo mtihani wake ulituangusha wengi, ilikuwa palepale mkononi mwa kambo: anakunja na kukunjua, anafunga na kufungua, anashonoa ukosi uliochakaa, anaugeuza upande wa ndani uje nje, kisha anaushona tena. Kiraka kikikosa mkono wa kukitia, na neno lake hukosa mdomo wa kulitamka.

Sasa nije kwenye lile fungu la tatu, na kwenye methali nyingine ambayo nataka kubishana nayo. Wahenga wa pwani wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Naelewa wanachokusudia: usijenge heshima yako juu ya mali ya mwingine, kwa maana mwenyewe anaweza kuidai mbele za watu. Lakini tumeitumia methali hii kuoneana haya. Tunakaa chumba kimoja wasichana wanne, kila mmoja na sanduku la nguo zisizomtosha, na kila mmoja anatafuta fedha za kununua nguo ambayo jirani yake anayo na haivai.

Kwa hiyo tulijaribu. Tulikuwa wanane, ukumbi ulikuwa chumba changu. Masharti yalikuwa machache: nguo iwe imefuliwa na kupigwa pasi, nguo za ndani zisiletwe, na anayetoa asiulizwe sababu. Aliyependa kitu alikichukua moja kwa moja; aliyetaka kuazima alitaja siku ya kurudisha mbele ya wote. Mwenzangu wa Katuba aliacha zile nguo 4, akaondoka na koti jeusi la kuazima. Mimi nilipata gauni ambalo mwenzetu mmoja alikuwa amechoka nalo, na kwangu likaonekana jipya kabisa. Siku ya kurudisha ikitajwa mbele ya watu, nguo ya kuazima inasitiri vizuri sana.

Najua nitajibiwa kwamba mavazi ni heshima. Nakubali. Hii ni nchi ya Papa Wemba. Nani atatufundisha kupendeza? Lakini tuwaangalie wasape wenyewe, wa Kinshasa na wa Brazzaville. Pamoja na gharama zao zote, wamezoea kuazimana koti na viatu, na kanuni yao ya kutovaa zaidi ya rangi tatu kwa pamoja haiuzwi dukani. Tena, historia yetu inatukumbusha kwamba vazi la heshima hubadilika. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1990, utawala wa Mobutu ulikataza suti na tai, na mwanaume mwenye adabu alivaa abacost, vazi ambalo jina lake lenyewe linasema kwa Kifaransa kwamba suti ianguke. Leo mwanafunzi asiye na suti anaonekana kama hana adabu. Abacost ya babu yangu ilining'inia kabatini miaka mingi. Mama aliipunguza mabegani kwa mkono, na sasa kaka yangu anaivaa Jumapili, watu wanamuuliza fundi wake ni nani.

Nitajibiwa pia kwamba wauza mitumba wa soko la Kenya na mafundi wa kushona wanaishi kwa fedha zetu. Ni kweli, nami nitaendelea kununua kwao siku nitakapokuwa nacho. Ninachokataa ni deni. Fundi hafaidiki na mwanafunzi anayechukua nguo kwa mkopo na kumkwepa njiani miezi mitatu.

Jibu la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Kaka mmoja wa darasa letu aliniambia: "Dada, ninyi mnapanga upya kabati. Mimi nina suruali mbili. Nitapanga nini?" Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Huyu amekwisha kukosa mawasilisho mawili ya somo kwa sababu suruali ilikuwa kambani haijakauka, na mwalimu akaandika sifuri bila kujua. Kwake yeye sindano peke yake haitoshi. Yeye anahitaji sisi wenye 23 tukumbuke kwamba 17 zimelala.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote hayana gharama. La kwanza: kila mwisho wa mwaka, Jumamosi moja kabla ya kipindi cha kutetea kazi, tufungue darasa moja kwa ajili ya kubadilishana na kuazimana nguo, wasichana na wavulana, na wenye sindano na uzi waje nao. La pili, naliomba kwa heshima kwa walimu wetu: mtamke wazi, mbele ya wanafunzi wote, kwamba mbele ya jopo nguo safi na nadhifu inatosha, iwe nyeusi au ya rangi nyingine. Neno lenu moja litawapunguzia wazazi wengi mzigo. La tatu ni letu na familia zetu: kitenge cha sare kisiwe sharti. Shangazi akija na kikwembe chake cha arusi ya mwaka juzi, amekuja.

Mwenzangu alitetea kazi yake siku ileile iliyopangwa, kwa sketi yake, blauzi yake yenye vifungo vya gauni, na koti la kuazima. Walimu walimbana kwa karibu saa nzima juu ya viambishi vya ngeli, na juu ya mifano aliyoiacha bila kuieleza. Alitoka akitokwa na jasho, akiwa na alama alizostahili. Koti alilirudisha Jumatatu, limefuliwa na kupigwa pasi.