Stesheni ya Changamwe ni Amana

Wahenga wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kila nipitapo kando ya stesheni kongwe ya Changamwe. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Tangu hapo safari ya Nairobi huanzia Miritini, na lile gari la zamani la abiria, lililokesha njiani usiku kucha, likakoma.

Mimi sipingi reli mpya. Ni ya kasi, na kasi ni neema. Ninalopinga ni kusahau.

Mvita ni kisiwa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896, ilibidi kwanza kuyavuka maji ya Makupa. Likapigwa daraja la mbao, kisha likaja la kudumu lililoitwa Salisbury, jina la waziri mkuu wa Uingereza. Ng'ambo yake ndiyo Changamwe, stesheni ya kwanza ya bara. Kutoka hapo chuma kikaenda hadi Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjab, na karibu 2,500 walikufa kazini. Hao nao ni ndugu zetu wa kuombewa dua.

Changamwe ya viwanda ilikua kando ya chuma hicho. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza mwaka 1963, nacho kikasimama mwaka 2013. Mtaa umepoteza mengi kwa muda mfupi.

Watasema wapenda maendeleo: jengo kuukuu halilishi mtu. Kweli. Lakini chuoni tulifunzwa kwamba amana hurejeshwa kwa wenyewe, na wenyewe hapa ni wajukuu zetu. Basi kibao cha jina kisiuzwe kwa chuma chakavu. Ardhi ya reli ibaki ya umma, isimegwe usiku. Nao walimu wa Changamwe wawatume wanafunzi, na kalamu na daftari, kwa wazee waliokuwa mahamali, makarani wa tikiti na wapeperusha bendera. Historia ya wakubwa wa reli imeshaandikwa vitabuni. Ya wazee hawa imo vifuani mwao, na kila jeneza litokalo mtaani huondoka na ukurasa wake.