Utepe wa Nahodha Si Tuzo ya Mfungaji

Kituo cha biashara cha Chepilat kiko mpakani. Upande mmoja ni Sotik, katika Kaunti ya Bomet, nchi ya Wakipsigis na majanichai. Upande wa pili ni Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya Wagusii ambao nao ni wakulima wa majanichai hayo hayo. Mwaka wa 1992, na tena mapema 2008 baada ya uchaguzi uliozua utata, majirani hawa walipigana. Watu walikufa, nyumba na maduka yakateketea. Walimu wengi wanaofundisha huko leo waliyashuhudia hayo, na wanafunzi wao wameyasikia kwa wazazi.

Katika mahali kama hapo, mechi ya kandanda haiwi mechi tu. Refa apulizapo kipenga cha penalti dakika za mwisho, swali huwa si kama mpira uligusa mkono. Swali huwa refa ni wa upande gani. Ndiyo sababu twataka leo tumzungumzie mtu ambaye magazeti, na gazeti hili likiwamo, humtaja mara moja tu kabla ya mechi kuanza na kumsahau: nahodha.

Shuleni, utepe wa unahodha aghalabu hupewa kijana anayefunga mabao mengi. Mwalimu wa michezo huona ni njia nyepesi ya kumtuza, na pengine ya kumzuia asihamie shule jirani. Sisi twasema ni kosa. Watu wa pwani walilipata neno nahodha kutoka kwa Waajemi, na kwao lilikuwa na maana ya mkuu wa chombo baharini, mtu wa kuulizwa habari za shehena, za mabaharia na za abiria. Kupanda mlingoti kulikuwa na wenyewe. Nahodha hakuchaguliwa kwa sababu hiyo.

Historia ya klabu zetu kubwa yatoa ushahidi, ingawa yatubidi kuuchimba. Mwaka wa 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, lililoitwa pia Kombe la Mandela, kwa kuishinda Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis iliishia 2-2, ya marudiano hapa Nairobi 1-1, na Gor wakabeba kombe kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyopata kutwaa kombe la bara. Muulize mwanafunzi yeyote mpenda kandanda ni nani aliyelileta, naye atakujibu bila kusita: Peter Dawo. Jibu hilo si baya, kwani Dawo alifunga. Lakini nahodha wa kikosi kile alikuwa Austin Oduor, yule waliyemwita Makamu, mlinzi ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia wengine wasifunge. Kombe lililoamuliwa kwa mabao ya ugenini huamuliwa pia na mabao ambayo hayakuingia nyumbani, na kumbukumbu ya jambo kama hilo hufifia upesi.

Wamarekani wametushinda katika kuhifadhi habari za namna hii. Wapenzi wa klabu ya besiboli ya New York Yankees hukutajia manahodha wao kama sisi tunavyotaja marais. Babe Ruth, mpigaji aliyeshinda wote wa zama zake, alifanywa nahodha Mei 1922. Hakumaliza wiki. Alimrushia mwamuzi mchanga, kisha akapanda jukwaani kumkabili shabiki aliyemzomea, na unahodha akavuliwa papo hapo. Alibaki mpigaji bora, ila nahodha hakuwa tena. Baadaye, mwaka wa 1935, cheo hicho kilimwangukia Lou Gehrig, mtu mpole asiyekosa kazini, akakishika hadi maradhi yalipomtoa uwanjani 1939. Gehrig alifariki 1941, na klabu haikumteua nahodha mwingine mpaka Thurman Munson mwaka wa 1976. Waliona afadhali kiti kikae wazi.

Hapa kwetu kiti hakikai wazi, bali hakiandikwi popote. Hilo lasikitisha kwa kuwa orodha ya manahodha ingetufunza mengi kuhusu nchi hii. Gor Mahia iliundwa 1968 ikiwa klabu ya Waluo, na jina lake lenyewe ni la mganga mashuhuri wa Kiluo. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni utepe wake umevaliwa na Musa Mohammed, kisha Harun Shakava, majina ambayo waasisi wake huenda hawakuyatarajia. Mashabiki waliwaimbia wote wawili. Mambo haya yalitendeka bila kamati ya amani wala semina ya hotelini.

Upande wetu wa majanichai twajua pia jinsi klabu inavyoweza kuanguka. Zoo ya Kericho ilipanda Ligi Kuu, ikawa fahari ya wilaya nzima, hadi FIFA ilipoiondoa mwaka wa 2021 kwa sababu ya kupanga matokeo ya mechi. Hatumshutumu nahodha wake yeyote. Twauliza tu: mchezaji kijana akijiwa usiku na mtu mwenye bahasha, humwendea nani asubuhi? Ikiwa nahodha ni mfungaji anayesifiwa tu, hana wa kumwendea.

Sheria za kandanda zenyewe hazimpi nahodha upendeleo wowote. Zasema tu kwamba ana kiasi fulani cha dhamana juu ya mwenendo wa timu yake. Tangu 2024, IFAB, baraza linalotunga sheria hizo, limeruhusu pia mashindano kuweka masharti kwamba nahodha peke yake ndiye amkaribie refa kunapotokea utata. Wachezaji kumi waliosalia hukaa mbali. Kule Ulaya sharti hilo limepunguza kelele. Chepilat lingefanya zaidi ya hapo, kwani kijana mmoja anayemwuliza refa kwa adabu, kisha akageuka na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, lugha isiyo ya upande wowote, huwanyima watu wa pembeni mwa uwanja sababu ya kuingia.

Michezo ya kandanda ya shule za upili huchezwa muhula wa pili. Twawaomba walimu wa Sotik na Borabu waliweke sharti hilo tangu mechi za mashinani, na wawaachie wachezaji wenyewe wapige kura ya siri kumchagua nahodha, mwalimu akibaki na haki ya kumkataa mtovu wa nidhamu. Jina la atakayechaguliwa na mwaka wake liandikwe katika daftari litakalokaa ofisini, si katika simu ya mwalimu atakayehamishwa kesho. Na kura zikimwangukia mlinda lango ambaye hajafunga bao tangu azaliwe, avishwe utepe.