Mwalimu anasema «mutafute kwenye intaneti», mzazi ananunua mega, mtoto ananakili

Katika shule nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, kazi ya utafiti ya mtoto wa mwaka wa 7 au wa 8 inaandikwa ubaoni kwa mstari mmoja: «Fanya utafiti juu ya volkano.» Chini yake kuna tarehe ya kurudisha kazi na hesabu ya kurasa. Mtoto akiuliza atatafuta wapi, jibu ni fupi: kwenye intaneti.

Jioni ile ni papa ao mama ndiye anaanza kutafuta. Hatafuti habari za volkano, anatafuta faranga za kununua mega. Nyumbani simu yenye kuingia intaneti mara nyingi ni moja, nayo ndiyo simu ambayo mama anafanyia biashara. Mtoto anaandika neno «volcan», anafungua ukurasa wa kwanza unaotokea, video inaanza kucheza yenyewe, mega zinaisha. Kesho yake anaenda kwenye sekretariati, pale wanapochapisha na kufotokopi, anamwomba kijana wa pale amtafutie. Kijana anaijua kazi hiyo. Ananakili kurasa nne, anaandika jina la mtoto na la shule kwenye karatasi ya mbele, anachapisha, analipwa. Wiki hiyohiyo kurasa zilezile nne zinatoka na majina ya wanafunzi wengine sita.

Mwalimu anapokea, anatia 7 juu ya 10. Wote wamefaulu, na hakuna aliyejifunza kitu.

Kisha lawama inamwangukia mtoto: mvivu huyu, anapenda simu tu, watoto wa siku hizi. Lawama hiyo haiko mahali pake. Mtoto wa miaka 12 aliyeambiwa «tafuta kwenye intaneti» ni kama mtu aliyetumwa soko la Virunga kununua «chakula», bila kuambiwa ni chakula gani wala kwa muuzaji gani. Atarudi na kitu, ndiyo. Kama kitu hicho kinafaa kupikwa, hilo ni jambo lingine.

Kosa liko katika namna kazi inavyotolewa. Anayetoa kazi ya utafiti anapaswa kutoa pamoja nayo swali lenye kujibika, na mahali pawili ao patatu pa kutafutia ambapo yeye mwenyewe amekwisha kupita. Bila hivyo, hiyo si kazi ya masomo. Ni kodi nyingine juu ya mzazi. Na tusisahau kwamba bure ya shule iliyoanza Septemba 2019 iliwekwa kwa shule za msingi za serikali. Mtoto akifika mwaka wa 7, mzazi anarudi kulipa, na mega zinaongezeka juu ya malipo hayo.

Mfano wa volkano unafaa kuangaliwa kwa karibu, maana Goma si mji wa kujifunza volkano kwa picha za Italia. Nyiragongo, mlima wa metre 3470, ulimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mara hiyo ya mwisho lava ilichoma nyumba za Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, watu wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Wengine walishika barabara ya Sake, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda. Mtoto aliye mwaka wa 7 leo alikuwa mdogo wakati huo, lakini si mdogo wa kusahau usiku kama ule. Pamoja na hayo, kazi anayorudisha shuleni inaongea juu ya Etna na Vesuvius, kwa sababu ndiyo majina yanayojaa kwenye kurasa za Kifaransa mtu anapoandika neno «volcan» peke yake.

Badilisha swali, kila kitu kinabadilika. «Lava ya Nyiragongo ilipita wapi mwaka 2002 na mwaka 2021, na nyumba yenu iko umbali gani na njia hizo?» Swali hilo halina ukurasa wa kunakili. Kijana wa sekretariati hana jibu lake. Mtoto atalazimika kusoma, kuuliza nyumbani, kupima kwenye karte, kisha kuandika kwa maneno yake.

Na mahali pa kusoma pako. Pa kwanza ni Vikidia, ensiklopedia ya Kifaransa iliyoanza mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 mpaka 13. Sentensi zake ni fupi, kurasa zake ni nyepesi, hazili mega nyingi. Inaandikwa na watu wa kujitolea, watoto wakiwemo, kwa hiyo makosa yanaweza kuingia. Lakini mtoto anayeanza anahitaji kwanza kuelewa lava ni nini, magma ni nini, na kwa nini mlima mmoja unalipuka kwa moshi na mwingine unamwaga moto kama maji. Hapo Vikidia inamfaa kuliko ukurasa mrefu ambao hata mwalimu anausoma kwa shida.

Akishaelewa, ndipo aende Wikipedia ya Kifaransa, kwenye ukurasa wa Nyiragongo wenyewe. Atajifunza kwamba lava ya mlima huu ni nyepesi sana na inakimbia, na kwamba mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa juu lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kuna pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Kurasa zake nyingi ni fupi, na mambo ya Congo yangali machache, lakini inamsaidia mtoto anayesoma Kifaransa bila kukielewa vizuri, na hao ni wengi kuliko shule zinavyotaka kukubali. Mtu hawezi kuandika kwa maneno yake jambo ambalo hakulielewa katika lugha yoyote. Kunakili mara nyingi kunaanzia hapo, si kwenye uvivu.

Pa tatu ni habari za wakati ule. Tovuti ya Radio Okapi, redio iliyoanza mwaka 2002, imetunza habari za miaka mingi. Mtoto akiandika «Nyiragongo Buhene mai 2021 Radio Okapi», anapata kurasa tofauti kabisa na za neno «volcan». Hii ndiyo ufundi ambao shule haifundishi: maneno ya kutafutia. Jina la mahali, mwaka, na jambo lenyewe. Maneno manne yaliyochaguliwa vizuri yanaokoa mega kuliko bei yoyote ya usiku.

Karte iko OpenStreetMap, bure, na mitaa ya Goma imechorwa humo. Na wa mwisho, ambaye hana haja ya mega hata moja, ni mama, papa ao jirani aliyekimbia mwaka 2002. Mtu huyo ni chanzo cha habari kama kitabu. Mtoto aandike jina lake, alikuwa wapi, aliona nini, saa ngapi. Kisha alinganishe na alichosoma.

Kulinganisha ndiko kunakofanya kazi iitwe utafiti. Kuhusu watu waliokufa mwaka 1977, kurasa nyingi zinaandika wasiopungua 70. Maandishi mengine ya zamani yanataja maelfu. Mtoto anayekuta hesabu mbili kama hizo kwa kawaida anachagua moja, ao anachukua ile kubwa kwa kuwa inashtua. Mwalimu mzuri anamfurahia mtoto anayeandika zote mbili na kuuliza: nani aliandika hii, mwaka gani, alizipata wapi? Maswali hayo matatu yanatosha kuchuja nusu ya takataka za intaneti. Ukurasa usio na mwandishi wala tarehe, uliojaa matangazo, hauna haki ya kuingia katika kazi ya shule. Picha ni vilevile: picha ya mlipuko wa mwaka 2002 inaweza kuzungushwa kwenye WhatsApp kama ya mwaka 2021, na watu wazima wanaiamini, sembuse watoto.

Kuna jambo moja ambalo mtoto wa Goma angelikuta kama angetafuta vizuri, na lingemshangaza. Kabla ya mlipuko wa 2021, wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, walikaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea habari kutoka vyombo vilivyowekwa kuzunguka mlima, kwa sababu msaada wa pesa uliokuwa unalipia kazi hiyo ulikuwa umeisha mwaka 2020. Yaani mega zilikosekana hata kwa wale waliopaswa kuonya mji. Mwanafunzi akisoma hilo hatasahau tena kwa nini habari ni kitu cha kulipiwa na kulindwa.

Sasa imeingia pia akili bandia. Mtoto anauliza swali ndani ya simu, anapata kurasa mbili za Kifaransa safi, zisizo na kosa la sarufi. Tatizo ni kwamba mashine hiyo inaweza kuweka tarehe ya uongo kwa sauti ileile inayowekea tarehe ya kweli, na ikiombwa vyanzo inaweza kutaja kitabu ambacho hakipo. Kuikataza ni kupoteza muda, kwa maana wanafunzi watatumia. Lakini swali la nyumba na njia ya lava linaishinda: haikuwa Buhene usiku ule, na haijui mama alipita barabara gani.

Walimu watajibu, na wana haki ya kujibu. Mwalimu anayengoja mshahara, mwenye darasa la watoto 60, naye pia ananunua mega kwa mfuko wake. Nani atamlipia saa mbili za kutafuta kurasa nzuri kabla ya kutoa kazi? Ni kweli. Programu mpya ya sayansi ya mwaka wa 7 na wa 8 imeweka teknolojia ya habari na mawasiliano ndani ya masomo, lakini programu haileti kompyuta wala umeme, na shule nyingi za mashariki zimepoteza hata mabenchi katika vita. Kwa hiyo haifai mzigo uhamishwe kutoka kwa mzazi na kumwangukia mwalimu mmoja mmoja.

Ni shule inayopaswa kuubeba, na gharama yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inayomwezesha mtu kupakua ensiklopedia nzima mara moja na kuisoma bila intaneti. Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha inapita gigabaiti 30, na hiyo inahitaji kadi kubwa ya memori ao kompyuta. Vikidia ni ndogo zaidi, inaingia kwenye simu ya kawaida. Mtu mmoja akiipakua mahali penye intaneti nzuri, mwalimu anaichukua kwa kadi, wanafunzi wanapeana kutoka simu hadi simu jinsi wanavyopeana nyimbo. Kuanzia siku hiyo hakuna mzazi anayenunua mega kwa ajili ya neno «magma». Mega zinabaki kwa yale ambayo kadi haina: habari za karibuni na karte.

Kwa historia, shule ingeweza pia kupakua juzuu 8 za Historia Kuu ya Afrika za UNESCO, ambazo ziko bure kwa Kifaransa kwenye tovuti ya shirika hilo. Ni vitabu vizito kwa mtoto wa mwaka wa 7. Vinamfaa mwalimu anayetayarisha somo. Mtoto apewe kurasa mbili zilizochaguliwa, si juzuu zima.

Prefe anayetaka kuanza hana haja ya kungoja mradi wala semina. Kadi moja ya memori, simu moja ya mwalimu aliye tayari, na daftari moja katika ofisi ambamo kila mwalimu anaandika kurasa alizoziona nzuri kwa kila somo, ili mwenzake wa mwaka ujao asianze upya. Kwa volkano, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo unaweza kuwa na Vikidia kwa maana ya maneno, Radio Okapi kwa habari za Mei 2021, na maelezo ya OVG juu ya rangi za tahadhari, kijani, manjano, rangi ya machungwa na nyekundu. Mtoto aanze na rangi hizo: aandike kila moja ina maana gani, na ikibadilika, watu wa nyumba yao watapita njia gani.