Maneno Yanapopotea Katikati: Sauti ya Mzingo, Tarakilishi na Wajibu Wetu

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba utendaji una mahali pake. Fanani hasimulii hewani. Husimulia mbele ya hadhira, na aghalabu hadhira hiyo humzunguka. Ukambani, anayehudhuria ngoma ya kilumi haisikii kutoka upande mmoja tu. Mdundo wa ngoma, nyimbo za akina mama na vigelegele vya watazamaji humfikia kutoka mbele, ubavuni na kisogoni. Sauti humzingira, naye huwa sehemu ya kinachotendeka.

Watengenezaji wa filamu wameitafuta athari hiyo kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1940 kampuni ya Disney ilionyesha filamu ya Fantasia kwa mfumo maalumu uliopeleka sauti kwenye spika zilizopangwa sehemu mbalimbali za ukumbi. Mwaka 1979 filamu ya Apocalypse Now iliwafanya watazamaji wasikie helikopta zikipita nyuma yao. Mwaka 1992 kampuni ya Dolby ilileta katika majumba ya sinema sauti ya dijitali yenye mikondo sita, na kabla ya mwisho wa mwongo huo DVD ziliifikisha nyumbani. Leo hii mkazi wa Wote, Emali, Kibwezi, Mwingi au Kitui mjini anaweza kununua wufa yenye spika sita, akaiunganisha na kompyuta iliyokwisha kutumiwa ofisini huko Nairobi, akaigeuza sebule yake kuwa ukumbi mdogo wa sinema.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: akishaunganisha, anasikia nini? Mara nyingi husikia milio ya risasi, muziki na ngurumo za magari, lakini maneno ya wahusika hayasikiki, au husikika kama yanayosemwa ndani ya mtungi. Aghalabu spika hizo ni nzima. Kilichokosekana ni maelekezo, na maelekezo ni kazi ya lugha. Ndiyo maana nashikilia kwamba jambo hili, linaloonekana kuwa la mafundi wa umeme peke yao, linatuhusu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili.

Tuanze na sababu yenyewe. Sauti ya mikondo sita imegawanywa hivi: mkondo wa mbele kushoto, wa mbele kulia, wa katikati, wa nyuma kushoto, wa nyuma kulia, na wa sita ulio wa besi. Muziki hutandazwa kushoto na kulia. Mvua, upepo na nyayo hupelekwa nyuma. Maneno ya wahusika, katika filamu nyingi, huwekwa mkondo wa katikati ili yasikike kana kwamba yanatoka kwenye kiwambo, mahali midomo ilipo. Basi kompyuta ikidhani kuwa ina spika sita ilhali imeunganishwa na mbili tu, hupeleka maneno kwenye tundu lisilo na waya. Mtazamaji hubakiwa na kelele za dunia bila kauli za watu. Msomi wa tamthilia hahitaji kuelezwa hasara hiyo ni kubwa kiasi gani.

Sasa tujiulize, mtu huyu wa Makueni atasaidiwa na Kiswahili kipi? Kwa miaka mingi tumebishana iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mabishano hayo yana nafasi yake, na hata kichwa cha makala haya kimeegemea upande mmoja. Lakini tazama istilahi tunayoitumia bila kubishana: kipaza sauti. Katika vitabu na mazungumzo yetu, kipaza sauti ni kile anachokishika mwimbaji mkononi, na papo hapo ni kile kinachotundikwa juu ya nguzo ili umati usikie. Yaani neno moja hubeba chombo kinachopokea sauti na chombo kinachoitoa. Darasani hatari yake ni ndogo. Nyuma ya kompyuta, tundu la pinki ni la kupokea sauti ya msemaji, na la kijani ni la kuipeleka kwenye spika. Mwambie mtu achomeke waya wa kipaza sauti, kisha usishangae chumba kikibaki kimya. Fundi wa kawaida alikwisha kujiondoa katika utata huo: kimoja anakiita maiki, kingine anakiita spika. Kwake neno huthibitishwa na kazi.

Ili nisionekane mwenye kuhubiri bila kutenda, nitajaribu hapa kuandika maelekezo hayo kwa Kiswahili ambacho natumai fundi hatakikataa. Nimetumia neno mkondo kwa sababu wakazi wa Kitui wanajua maji ya mto hugawanyika na kila tawi likafuata njia yake. Neno chaneli nimeliepuka kwa kuwa kwa wengi limekwisha kuwa jina la stesheni ya televisheni.

Kwanza, hesabu spika zako na uangalie matundu ya wufa yenyewe. Baadhi ya wufa za bei nafuu zina spika sita lakini zina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Wufa ya namna hiyo hupokea mikondo miwili, kisha huigawa kwa spika zote. Ukiinunua, elewa kwamba una spika nyingi, ila sauti ya mzingo hutaipata kupitia matundu hayo.

Pili, unganisha kwa rangi. Katika kompyuta nyingi za mezani zenye kadi ya sauti ya mikondo sita, tundu la kijani ni la spika mbili za mbele, jeusi ni la mbili za nyuma, na la rangi ya chungwa ni la spika ya katikati pamoja na besi. La buluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Baadhi ya kompyuta zina matundu matatu tu, na kazi ya kila tundu hubadilishwa kwa programu ya kadi ya sauti. Kompyuta nyingi za mkononi zina tundu moja la mikondo miwili tu. Hizo zitahitaji kadi ya sauti ya nje au waya wa HDMI.

Tatu, iarifu kompyuta ina spika ngapi. Kuunganisha waya hakutoshi. Katika Windows, fungua sehemu ya mipangilio ya sauti, chagua spika, kisha uchague mpangilio wa 5.1, yaani spika tano na besi moja. Ipo hapo namna ya kujaribu spika moja baada ya nyingine. Kaa kimya, sikiliza, na uhakikishe kwamba ya kushoto inalia kushoto. Ikiwa spika zako ni mbili, chagua mbili. Hapo programu ya kuonyeshea filamu itaweza kuyachanganya maneno ya katikati na sauti za kushoto na kulia, nayo hayatapotea.

Nne, ukitumia waya wa mwanga, fahamu mipaka yake. Waya huo hubeba mikondo miwili ya sauti isiyobanwa. Mikondo sita hupita tu ikiwa imebanwa kwa mfumo kama Dolby Digital au DTS, na kikuza sauti kilicho upande wa pili kiwe na uwezo wa kuifungua. HDMI hubeba mikondo mingi bila kubanwa, mradi kinachopokea kiwe kinaikubali.

Tano, ichunguze filamu yenyewe. Filamu iliyorekodiwa kwa mikondo miwili haina ya nyuma iliyofichwa. Kompyuta inaweza kunakili sauti na kuisambaza, lakini haiwezi kurejesha kisichorekodiwa. Mwisho, kitazame chumba. Sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati hurudisha mwangwi unaoyavuruga maneno hata kama nyaya zimekaa sawa. Pazia zito, mkeka na viti vya vitambaa husaidia, wala havidai umeme.

Nimeyaandika haya bila kukwama popote kwa sababu ya upungufu wa Kiswahili. Palipokuwa na ugumu, ugumu ulikuwa wa kuamua neno lipi litamfikisha msomaji kwenye tundu sahihi. Uamuzi huo haufanywi na mtu mmoja mezani pake.

Juhudi za awali zilikuwapo, nazo zinastahili heshima. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na katika miaka hiyo hiyo Microsoft ilitafsiri sehemu za Windows. Zilitupa maneno ya menyu na vitufe. Lakini menyu hudhani kwamba msomaji tayari anajua anachokitafuta. Anayetaka kujua kwa nini mhusika anafungua kinywa na sauti haitoki anahitaji maelezo yenye sababu na mfuatano, yaani nathari. Kuandika nathari ndiyo kazi tunayojigamba nayo.

Wapo watakaosema kwamba watu wa kawaida hawayajali maneno ya filamu, hasa filamu zenyewe zikiwa za Kiingereza au za Kichina. Historia inakataa. Magari ya sinema ya wakoloni yalipozuru vijiji vya Afrika, yalimhitaji msemaji wa kueleza picha kwa lugha ya watu. Baadaye Tanzania ikamjua Lufufu, na Kenya ikamjua DJ Afro, wasimuliaji walioziwekea filamu za kigeni sauti zao za Kiswahili. Vibanda vya video vilijaa kwa ajili yao. Hadhira ilitaka maneno kiasi cha kukubali sauti ya filamu ipunguzwe ili msimulizi asikike. Huyo ni fanani kwa kila kigezo tunachokifunza, na mahali pake katika mfumo wa spika sita ni palepale katikati. Anayechunguza usimulizi huo bila kujua sauti inavyopangwa ataeleza nusu ya utendaji.

Wengine watasema, mbona maelekezo hayo yasiandikwe kwa Kikamba, ambacho ndicho lugha ya nyumbani huko? Sina pingamizi, yakiandikwa, itakuwa heri. Lakini fundi wa Emali au Mtito Andei, miji iliyo kando ya barabara ya Mombasa, huhudumia wasafiri na wafanyabiashara wa kila kabila, na vifaa vyake huviagiza kwa watu wasiojua Kikamba. Kiswahili ndicho kinachomuunganisha na dukani. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo utakuwa wa karatasi tu ikiwa mwananchi analazimika kusoma Kiingereza ili kuisikia televisheni yake.

Kuna pia suala la shule zetu, na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo hasa. Wengi wetu tutapelekwa kufundisha katika shule za kutwa za Kitui na Makueni. Tutawaonyesha wanafunzi tamthilia zilizorekodiwa, filamu za tamasha la drama, na rekodi za ngoma na ngano kutoka nyanjani. Kompyuta itakuwapo, spika zitakuwapo, na mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayesimama mbele ya wanafunzi 50 wanaosikia muziki bila mazungumzo. Ataongeza sauti, na muziki utawaziba masikio. Kipindi kitakwisha, na somo la fasihi simulizi litafundishwa tena kwa chaki, kama kwamba simulizi hiyo haikuwahi kuwa na sauti.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, chama chetu kiandae kijitabu kifupi chenye michoro kuhusu kuunganisha spika na kompyuta, kisha kabla ya kukichapisha kipelekwe kwa mafundi wa Wote na Kitui mjini. Tuwape waya na kijitabu, tukae kando, tutazame mikono yao. Pale watakaposita, sentensi yetu ndiyo yenye kasoro, na tuiandike upya. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kitui, wako karibu zaidi na kazi hiyo kuliko sisi wengine, na ingefaa tushirikiane nao. La pili, idara ziruhusu kazi ya namna hii ihesabiwe kuwa utafiti wa istilahi. Orodha ya maneno 40 yaliyojaribiwa vibandani ina thamani kuliko ya maneno 400 yaliyokubaliwa kikaoni na yasiyotamkwa na yeyote baada ya chai.

Neno mzingo, nililolitumia kwa sauti inayomzunguka msikilizaji, ni pendekezo tu. Wanahisabati wanalitumia kwa mzunguko wa umbo, nami nimeliazima. Iwapo fundi wa Mwingi ana neno bora, na aghalabu huwa nalo, basi nitakuwa wa kwanza kulifuta langu. Wahariri wametupa kurasa. Naomba toleo lijalo liwe na majibu kutoka kwa waliokwenda kumuuliza.