Mazuku Yalikuwa Daftarini: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Shule Moja ya Msingi, Bweremana

Bwana Mkurugenzi,

Mzazi anayekuandikia ana mtoto katika darasa lako la sita, na daftari la mtoto huyo liko mbele yake. Somo la sayansi limenakiliwa kwa Kifaransa, mwandiko safi: gazi karboniki ni nzito kuliko hewa, haina rangi, huzima moto. Alama 8 juu ya 10.

Likizoni mtoto alikwenda kwa mjomba wake kule Sake. Alfajiri moja, upepo ukiwa umetulia, aliteremsha mbuzi kwenye kishimo chenye majani mabichi. Mbuzi watatu walikufa. Mtoto naye alianguka, jirani akamvuta hadi juu, akazinduka.

Hakujua kwamba gazi ya daftarini na mazuku ni kitu kimoja.

Wataalamu wa volkano duniani wameazima neno letu hili, mazuku, kutaja gazi inayovuja kwenye nyufa za ardhi ya volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, na kutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri. Darasani kwako halikutamkwa hata mara moja, ingawa Sheria 14/004 ya 2014 ya nchi yetu imezipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji.

Mzazi anajua shida zako. Tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure Septemba 2019, madawati yamefurika. Vita navyo vimeleta wakimbizi. Lakini siki, bikarbonati, beseni na mshumaa ni vitu vya sokoni. Mshumaa ungezimika mbele ya macho yao, mwalimu akauliza: wapi kwetu hewa hufanya hivi? Mtoto angejua kwamba gazi na mazuku ni kitu kimoja.

Wewe huingia darasani kukagua fishi za maandalio. Ingia pia kuwauliza watoto wameelewa nini. Kaa na walimu kila juma, mpange somo moja linaloanzia ziwani, shambani au kwenye lava. Na wakubwa wa elimu wanaopima shule kwa madaftari yaliyojaa wajibu pia: ni watoto wangapi wa hapa kwetu Masisi wana alama nzuri na hawajui kwamba gazi na mazuku ni kitu kimoja?

Mtoto atarudi Jumatatu. Mpe chaki, awaeleze wenzake alichokiona kule kishimoni.

Mzazi wa Bweremana