Mjadala Uliousahau Mlango wa Nyumbani

Kila unapowadia mwezi wa Aprili, hatuna budi kuwakumbuka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia chuoni humo, wakawatenga Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakaua. Waliopoteza maisha ni watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Kabla machozi hayajakauka, mjadala ulianza. Wapo waliouliza kwa nini kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi, na swali hilo lilikuwa la haki. Wengine walitaka ukuta ujengwe mpakani mwa Somalia. Aliyekuwa Naibu Rais, William Ruto, alilitaka Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liihamishe kambi ya Dadaab katika muda wa miezi mitatu. Leseni za kampuni 13 za hawala zikasimamishwa, na mama aliyekuwa akisubiri fedha za matumizi kutoka kwa mwanawe aliye ughaibuni akaadhibiwa kwa kosa asilolijua.

Hali ya kuwa, siku tatu tu baada ya shambulio, serikali ilikwishatangaza kuwa mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu katika Kaunti ya Mandera. Hakuwa mkimbizi, wala ukuta usingemzuia. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa vyombo vya usalama kwamba mwanawe ametoweka.

Ndugu msomaji, tumtafakari mzazi huyo. Alifanya lililo zito kuliko yote: alikwenda mwenyewe kumsemea mwanawe. Katika kelele zote za ukuta na kambi, ni wangapi waliouliza taarifa yake ilifanyiwa kazi gani?

Nasi Waislamu tulikuwa na mjadala wetu. Tulisema wauaji wale si wenzetu, na kwa mafundisho ya dini tulisema kweli. Suratul Maida, aya ya 32, imelihesabu jambo la kuua nafsi moja isiyo na hatia kuwa sawa na kuwaua watu wote. Lakini kusema si wenzetu hakujibu swali la nyumba walizotoka. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu watatu kwa kushiriki njama ile, na aliyepewa kifungo cha maisha alikuwa Mtanzania. Naye alikuwa mtoto wa watu.

Tunajua kinachowafunga wazazi midomo. Kuna aibu mbele ya majirani, na kuna hofu iliyo kubwa zaidi. Mashirika ya haki za binadamu yameandika mara nyingi juu ya vijana wa Kiislamu waliochukuliwa wakahojiwe, wasionekane tena. Mzazi anayedhani kuwa kusema ni kumtia mwanawe kaburini atanyamaza, na ukimya wake utawagharimu watoto wa wenzake. Kwa hiyo dola inayotaka wazazi waseme haina budi kuwahakikishia kwamba mtoto atakayepatikana atafikishwa mbele ya sheria akiwa hai.

Kwa upande wetu, tusingoje kijana atoweke. Luqman alimwita mwanawe akaketi naye, akamuusia. Tuwaulize watoto wetu wanasoma kwa nani, wanasikiliza mawaidha ya nani katika simu zao, na nini kinachowaudhi duniani. Tuwasikilize hata wanapokuwa na hasira, kwani asiyepata sikio la baba hulitafuta kwingine. Na imamu apokee shida ya mzazi kama amana, wala asiifanye hadithi ya barazani.

Tunamuomba Allah awape subira wafiwa wa Garissa, na atuhifadhie watoto wetu, wasiuawe wala wasiwe wauaji. Amin.